Keki ya Atupele na Kiti Kilichogeuzwa

Mbeya, Jumamosi, Julai 1956

Baridi ya leo imeuma tangu alfajiri. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakalia mabati mpaka saa nne, na nyasi za nyuma ya jiko zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Wageni wameondoka, vikombe vya watu nimeviosha, nami nimekaa kwenye kigoda jikoni na daftari langu. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na Atupele yuko hapo nje anakusanya maganda ya karanga.

Leo mwanangu ametimiza miaka kumi na mitano.

Kwetu Rungwe hatuna desturi ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Mimi niliiona kwa mama mmoja wa Kizungu wa misheni, niliyemlelea watoto kabla sijaolewa. Nilipomzika mtoto wangu wa nne, na huyu wa tano bado yuko mgongoni, niliweka nadhiri kwamba akifika kumi na mitano nitampikia keki kama zile. Jina lake Atupele maana yake Mungu ametupa. Ametupa mmoja, naye nimemlinda kwa woga mpaka leo.

Nilipomweleza habari ya sherehe sikutegemea jibu lake. Nilidhani ataomba gauni. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mama, siku hiyo na wewe ukae mezani."

Nilijua anachosema. Alipobatizwa nilikuwa nyuma ya kanisa. Alipopata kipaimara nilikuwa nyuma ya kanisa. Kila jambo kubwa la mtoto huyu babu yake amekuwepo, na babu yake akiwepo mimi sipo. Sisi Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Nikimsikia njiani naingia vichakani mpaka apite. Jina lake silitamki, na hapa pia siliandiki. Si chuki, ni heshima, nimelelewa nayo na sijawahi kuilalamikia. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa namjua mzee yule kwa kikohozi chake na mlio wa fimbo yake.

Basi nikamwahidi mtoto. Babu yuko Rungwe, nikasema, mezani nitakaa.

Mshahara wa karani wa stoo hauna nafasi ya keki, kwa hiyo nilianza kujipanga mapema. Wiki tatu mimi na baba Atupele tumekunywa chai bila sukari, yeye akinung'unika kila asubuhi kana kwamba nimemnyima chakula. Mayai nilikuwa nayadokoa kwa kuku wangu wawili, moja moja, nayafukia kwenye pumba. Samli nilipewa na mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, nami nikampelekea mkungu wa ndizi na maharage mabichi. Vikombe na sahani niliazima kanisani. Karanga zilitoka kwa jirani yangu mama Agnesi, Mhehe wa Ilula, aliyesema hizo ni zawadi yake, nisimwudhi kwa kumlipa. Mshumaa nilikuwa na mmoja tu, ule wa nyumbani. Nikaukata vipande vitatu, kila kipande miaka mitano. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Halafu wiki mbili zilizopita lori likamshusha baba mkwe, mgonjwa, amekuja kutibiwa hospitali ya hapa.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko la uani. Mzee akalazwa chumba cha mbele, nami nikahamishia mkeka wangu jikoni. Chakula nampikia mimi, Atupele anampelekea. Kila anapotaka kutoka kwenda uani, mzee hugonga fimbo mara mbili mlangoni, ko ko, halafu husubiri. Hunipa muda wa kuingia jikoni na kuvuta mlango. Hata siku anazotembea kwa kushika ukuta hajasahau kugonga.

Nataka niandike hili kabla sijaanza kujitetea. Nilikasirika. Usiku na mchana nilikuwa nahesabu siku za kufika Jumamosi, na Jumatatu iliyopita, nikiwa nimepiga magoti hapa hapa kwenye majivu, nilimwomba Mungu amwondoe mzee arudi kwake kabla ya sherehe.

Niliomba hivyo juu ya mtu aliyeniokoa.

Maana mtoto wa nne alipokufa, ndugu wa mume wangu walikaa kikao. Walitaka nirudishwe kwetu, mume wangu aoe mwingine. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, nasikia. Wakaongea wote. Mzee akakohoa, akasema, "Ng'ombe zangu za mahari sikununulia watoto. Nilipata binti. Binti harudishwi kwa sababu analia." Kikao kikaishia hapo. Ndiyo sababu nina mume, na ndiyo sababu Atupele alilelewa na baba na mama chini ya paa moja. Sikuwahi kumwambia asante. Ningemwambiaje?

Juzi Alhamisi baba Atupele alirudi kutoka hospitali, alikokwenda peke yake kuonana na daktari. Alisimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi, akasema daktari ameshauri mzee apelekwe nyumbani. Sikuelewa. Nikauliza kama amepona. Akaanza kuifuta kofia yake kwa kiwiko.

Lori ni kesho asubuhi. Niliomba aondoke, na anaondoka.

Nilitaka tuhamishie sherehe kwa mama Agnesi, tusimpigie mgonjwa kelele. Mzee akasikia, akakataa. Alimwambia mwanawe kwamba hajawahi kuona mtoto akipuliza moto juu ya mkate, na hii ataiona. Nani angemkatalia? Nikamwita Atupele nikamweleza kwamba nitakuwa jikoni.

"Sawa, mama," akasema. Hakununa. Afadhali angenuna.

Keki niliioka leo asubuhi kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Iliinama upande mmoja na kuungua kidogo pembeni, nikaikwangua kwa kisu. Saa nane wakaja wasichana sita wa shule, wameshikana mikono, miguu imepauka kwa baridi. Mama Agnesi ndiye aliyeingia na sinia, kisha akarudi kunitazama nilivyokaa kwenye moshi.

"Kamwene, mama Atu," alinisalimia kwa Kihehe, kama vile hatukuwa pamoja tangu asubuhi. "Ninyi Wanyakyusa mna heshima mpaka inatoa watu machozi."

"Ni moshi huo," nikamwambia.

"Haya. Moshi."

Nikawasikia wanaimba. Nikasikia kikohozi. Halafu kiti kikakwaruza sakafu, na Atupele akaja mbio uani.

"Mama, babu anasema uingie."

Nilimkemea asifanye mzaha.

"Amegeuza kiti, mama. Ameangalia ukutani na amejifunika blanketi kichwa chote. Anasema mwite mama yako asimame na mtoto wake, mimi sipo."

Nilijifunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi. Niliingia nimeinamisha macho sakafuni, na ndiyo maana nilichokiona cha baba mkwe wangu, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii, ni visigino vyake. Vimepasuka na kuvimba, ngozi inang'aa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikitembea njia nzima kutoka Rungwe, ndizi begani, za uji wa Atupele alipokuwa mdogo.

Nikasimama kando ya mwanangu. Alinishika mkono chini ya meza, akanibana vidole hadi vikauma, kisha akapuliza. Wasichana wakapiga makofi.

"Imezimika?" mzee akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Imezimika, babu."

"Yote mitatu?"

"Yote."

"Ndaga," akasema. Kwetu neno hilo ni asante. Sijui alikuwa anamshukuru nani. Alikuwa ametamani sana kuuona moto ule, akajifunika macho kwa sababu yangu, na hakuuona. Niliweka kipande cha keki kwenye kisahani, kile kisichoungua, nikampa Atupele ampelekee. Maneno yalinijaa mdomoni. Nikatoka nayo kinyumenyume.

Atupele baadaye alinifuata hapa jikoni, akanikumbatia, akasema imekuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Ana haki ya kusema hivyo. Mimi nafurahi kwa ajili yake na nina aibu ambayo sina pa kuiweka. Kisahani cha mzee kimerudi na keki yake karibu nzima, ameimega pembeni kidogo tu. Nimeifunga kwenye jani la mgomba, itasafiri naye.

Nimekuwa nikiwaza juu ya kesho. Baba Atupele na mume wa mama Agnesi watambeba kwa machela mpaka kwenye lori. Hatatembea, kwa hiyo hatagonga. Watampitisha hapa hapa mbele ya jiko, na mlango wangu utakuwa umefungwa, kama inavyopasa. Sitauacha wazi. Akijua nimeuacha wazi ataumia kuliko anavyoumia sasa, na sitamfanyia hivyo siku ya mwisho.

Lakini ule mwiko wa ugali uko hapa ukutani. Nitakaposikia miguu ya wanaombeba inakaribia, nitaushika, na nitagonga mlango kwa ndani.

Mara mbili. Atajua nipo.