Mama Ametuvusha Mstari

Nyumba ya uani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Kifua chako kimetulia, au baridi ya huko bado inakubana? Sisi tunapumua. Cherehani yangu inakohoa kuliko wewe, lakini inashona.

Habari kubwa ni macho ya mama. Mtoto wa jicho amelifunika la kulia na sasa anahamia la kushoto. Unakumbuka alivyokuwa akinichagulia nyuzi? Majuzi alinipa wa bluu badala ya mweusi, nami kwa haraka nikaupitisha kwenye suruali ya mteja. Daktari anataka apasuliwe mwaka huu, la sivyo atabaki gizani.

Upasuaji ni bure kwa walio chini ya mstari wa umaskini. Nilivyoelezwa, serikali inakadiria chakula na mahitaji ambayo mtu hawezi kuishi bila hayo, inapata kima, kisha watu wa takwimu wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza mnakula nini, mnalalia nini, mnapata wapi. Ukiishi kwa pungufu ya kima hicho, wewe ni maskini. Ukikizidi kidogo, basi unajisingizia. Aliyekaa akakadiria mtu hushiba kwa kiasi gani, naapa hakuwa na njaa siku hiyo.

Kwetu alikuja msichana mpole mno, nami mtu mpole mno humtilia shaka. Mama alikuwa ametundika mapazia ya mteja wangu. Nilimwambia ayashushe, akasema mgeni hapokelewi kwenye dirisha tupu. Msichana akayatazama, akaitazama na ile friji uliyotuachia. Nikamweleza kwamba ilikufa zamani, ndani naweka vitambaa. Akatabasamu, akabonyeza kishikwambi chake. Alibonyeza nini, sijui mpaka leo. Kisha mteja akaniita kibandani, nikamwacha na mama.

Majibu yakaja kwamba tuko juu ya mstari.

Nikaanza kutafuta mchawi. Nilimshuku jirani yetu Bwana Redio, maana siku ile alificha televisheni chini ya kitanda na sasa yeye ndiye maskini anayetambulika. Nikamshuku mwenyekiti wa mtaa, kisha msichana mwenyewe. Jirani nilimnunia mpaka mkewe akaacha kuniletea nguo.

Juzi mama aliniambia ukweli. Nilipotoka, msichana aliuliza kama kuna ndugu anayetusaidia. Mama akajibu kwamba mwanawe aliye mbali hutuma kila mwezi, hakosi. Kwenye hesabu za serikali, mdogo wangu, wewe ndiye uliyetuvusha mstari.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Ulitaka nimwambie mgeni kwamba mwanangu kanisahau?"

Niliumia, sitakuficha. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia na yeye, kisha nikarudi kushona kwa sababu kazi ilikuwa inangoja.

Tumekata rufaa na watarudi kutuhoji upya. Mama amekataa katakata kubadili maneno yake. Nimembembeleza, nimemnunia, wapi. Kwa hiyo nakuomba moja kati ya mawili: utume, maneno yake yawe kweli, au umpigie simu umruhusu aseme kwamba hutumi. Mimi hanisikii.

Nawaza pia kwamba labda na wewe uko chini ya mstari wa huko, na unaona aibu kusema. Hiyo aibu naijua ilikotoka. Kama ndivyo, mwambie. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

Msalimie sana wifi na uwabusu watoto. Mjomba na shangazi wanakusalimu, hata Bwana Redio, ambaye nimeshamwomba radhi. Mungu akufungulie njia na akulinde na baridi.

Mama yuko hapa pembeni, ameishika bahasha karibu na jicho la kushoto. Amesema nikuandikie kwamba yeye ni mzima na hana shida yoyote. Usimwamini.

Dada yako akupendaye hata akikushuku,
Fundi