Kichwa cha Baba

Jumatatu, 2 Juni
Mtaa wa Laini Saba asubuhi. Tope hadi kifundoni. Mzee Odhiambo alikubali kutolewa damu ya utafiti bila vita. Safari iliyopita alinifukuza, akidhani nimetumwa kubomoa kibanda. Leo alikuwa mlangoni akipiga msasa ubao ambao si wa kitu chochote. Alikuwa fundi wa vitanda hapa kando ya reli. Nusu ya mtaa inalalia kazi yake. Jina la mke wake halimjii.

Mke wake, Mama Achieng, aliuliza tena tunatafuta nini kwenye damu. Nilimweleza ninavyowaeleza wote. Ubongo una seli za ulinzi, kama soja wa geti. Zinakula uchafu, zinafukuza wageni. Kwenye ugonjwa huu wa kusahau zinawaka na hazizimiki tena. Zinaanza kutafuna waya za nyumba zinayoilinda. Huo moto huacha alama kwenye damu. Tunataka kuiona mapema, kabla mtu hajapotea.

Akasema basi huyo si soja, ni mwizi amevaa yunifomu. Nilicheka.

Nilifika nyumbani Kawangware saa ya chai. Baba kwenye kiti chake uani, anawaangalia wapangaji wakianika nguo. Akaniita Nyokabi. Nikamwambia mimi ni Wangeci, binti yako.

Akasema sawa, Nyokabi.

Alhamisi, 5 Juni
Nyokabi alikuwa dada yake. Alikufa msichana, homa ya ubongo. Hakuna picha. Nyumbani hatajwi.

Leo ameniita hivyo tangu asubuhi. Nimerekebisha mara ngapi sijui. Kila nikirekebisha uso wake unaanguka kama wa mtu aliyeletewa habari mbaya. Nimeacha.

Jumapili, 8 Juni
Kaka yangu Kamau alikuja baada ya kanisa. Baba alimjua, akamuuliza habari za lori lake. Mimi nikabaki Nyokabi. Nina wivu. Aibu pia, kwa kuwa na wivu.

Tulizungumza juu ya ile siku, mwaka juzi, daktari alipompa Baba jina la ugonjwa. Alikaa uani hadi jioni. Kisha akatuita wote wawili, akasema akifa ubongo wake uende kwa utafiti wa Wangeci. Alisema kama mtu anayegawa shamba. Akili timamu kabisa. Kamau alitoka nje. Mimi nilijaa fahari. Ni wachache sana wanaokubali. Kwetu mtu huzikwa mzima, bila kupunguzwa kitu.

Jumanne, 17 Juni
Mzee Odhiambo amefariki. Asubuhi, kwenye usingizi.

Mama Achieng mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. Alikuwa amekubali zamani ubongo wa mume wake uchukuliwe, na mzee pia, alipokuwa bado na maneno. Lakini leo shemeji zake wamefika kutoka ziwani, na wanasema maiti itarudi Siaya nzima ama mjane asirudi nayo. Nilienda. Chumba kimejaa, hewa hakuna. Nilisema yangu, wakaniangalia kama mwizi wa mbuzi. Ni Mama Achieng aliyemaliza. Alisema: redio ikiharibika mume wangu hakuitupa, aliifungua aone ni nini. Sasa yeye ndiye aliharibika. Mfungueni.

Akanivuta pembeni. "Itamuuma?"

"Haitamuuma, mama."

"Apa."

Niliapa.

Jumatano, 18 Juni
Mochari. Baridi ya Juni nje, baridi nyingine ndani. Nilisimama pale kwa sababu niliapa, sio kwa sababu nahitajika. Mkato hupita juu ya kichwa, sikio hadi sikio, nyuma ya nywele. Ukishonwa vizuri, kofia inafunika yote. Nilimwambia yule fundi wa mochari ashone taratibu. Akaniambia nisimfundishe kazi.

Ubongo ulikuwa mdogo. Kwa ugonjwa huu huwa mdogo. Bado sijazoea.

Jumatatu, 7 Julai
Vipande vya kwanza vya Mzee Odhiambo viko tayari. Nilikaa kwenye hadubini hadi shingo ikaganda. Madoa ya protini kila mahali, kama makaa yaliyomwagika. Na kuzunguka kila doa, walinzi. Wamevimba, mikono imekatika, wamejazana. Mahali walipo, miunganisho kati ya seli za kumbukumbu imekwisha.

Profesa anayeongoza utafiti alikuja akaangalia, akasema ni nzuri sana. Anamaanisha picha ni safi. Najua anachomaanisha. Lakini mahali fulani pale ndipo lilipokuwa jina la Mama Achieng.

Nilienda chooni nikanawa uso.

Jumapili, 13 Julai
Sijui niandike vipi.

Jua lilitoka kidogo mchana. Nilimtoa Baba uani, nikapiga magoti kumkata kucha za miguu. Nikasikia mikono yake kichwani mwangu. Vidole vikaingia kwenye nywele, vikapita polepole kutoka sikio hadi sikio. Mstari ule ule wa mochari. Vikarudi. Alikuwa anatafuta kitu.

"Walikushona vibaya," alisema.

Sikuinua kichwa. Akaendelea, kwa Kikuyu chake cha zamani, sauti ya mtoto. Kwamba Nyokabi alipoletwa kutoka hospitali, wanawake walimvalisha, na kitambaa cha kichwa kikateleza. Yeye alikuwa nyuma ya mlango. Aliona mshono. Alitaka kuwaambia wamfunge tena vizuri lakini aliogopa kuchapwa.

"Mimi wasinifungue, Nyokabi. Waambie."

Nilisema nitawaambia. Sikusema mimi ni Wangeci. Nilijibu kama yeye, na nilijibu upesi.

Nilimfunika na shuka yake, nikamaliza kucha.

Jumatatu, 14 Julai
Kwa hivyo alijua. Mwaka juzi, alipotuita, alijua kufungua kichwa ni nini kuliko hata mimi. Alikuwa ameibeba ile picha tangu utotoni. Na bado alisema ndiyo. Kwa ajili yangu? Kwa sababu binti yake ana kazi ya maana? Ama alikuwa ameshinda hofu, na sasa ugonjwa umemnyang'anya hata huo ushindi?

Kazini ningejibu bila kufikiri. Neno la mtu akiwa timamu ndilo neno. Nimewaambia familia nyingi hivyo, kwa sauti ya upole.

Alhamisi, 24 Julai
Nilimwambia Kamau. Nilitarajia atafurahi kupata sababu ya kukataa. Aliketi kwenye gari, mikono kwenye usukani, gari limezimwa. Akasema yeye amechukua muda huu wote kujizoesha. Ameshapigana na wazee wa ukoo, ameshaongea na mchungaji. Mzee alisema, na neno la mzee halibadilishwi na ugonjwa.

"Ni wewe ulitufundisha hivyo."

Ni kweli. Nilimchukia kidogo kwa kuwa alisikiliza.

Jumatano, 30 Julai
Hali chakula. Uji vijiko viwili vitatu. Anakohoa. Ananishika mkono na kuuliza kama nimewaambia. Nasema nimewaambia. Anauliza tena.

Hakuna kitu kingine kilichobaki ndani yake. Ploti yake na wapangaji amesahau. Hata mke wake, mama yetu, amemsahau. Imebaki hofu moja tu, na mimi ndiye ninayejua jina lake.

Jumamosi, 9 Agosti
Hospitali. Mapafu. Oksijeni. Hafungui macho.

Jumatatu, 11 Agosti
Baba amefariki leo. Kamau alikuwa upande mmoja, mimi mwingine.

Jumanne, 12 Agosti
Masaa ya kuamua ni machache, tishu haingoji. Simu ya Profesa ilikuja asubuhi. Alinipa pole, ya kweli. Kisha akangoja jibu langu.

Nilisema hapana.

Hakubishana. Ningependa abishane. Kamau alikuwa dirishani, alisikia. Akaniuliza nimemfuata Baba yupi. Nikasema yule niliyekuwa naye.

Akasema yule mwingine pia alikuwa baba yetu. Akaenda kutafuta jeneza.

Sijutii. Hapana, najuta. Ningesema ndiyo ningejuta pia. Nimekaa kitandani kwake na sijui nimemlinda nani.

Ijumaa, 15 Agosti
Matanga. Uani hakuna pa kukanyaga. Wapangaji wamekopesha viti, akina mama wa kanisa wako kwenye sufuria. Mchana akaingia Mama Achieng na wanawake wawili wa Laini Saba. Sikumtarajia. Walikuja na sukari na majani ya chai.

Tulikaa pamoja kwenye benchi. Aliuliza Baba alivyokufa, nikamweleza. Kisha akauliza lile nililojua ataliuliza. Ningeweza kudanganya.

"Hapana, mama. Hatutamfungua."

Alizungusha kikombe cha chai mkononi.

"Wangu uliniapia haitamuuma."

"Hakuumia."

"Na wako?"

"Wangu aliogopa."

Akasema polepole, kama mtu anayehesabu mali yake, "Wangu hakuogopa."

Alikunywa chai yake yote. Alipoondoka alimsalimia Kamau, akawasalimia wanawake wa sufuria. Mimi hakuniaga.

Jumatano, 20 Agosti
Tumemzika. Mvua nyepesi. Mzima.

Jumatatu, 1 Septemba
Nimerudi kazini. Mirija, barafu, koti jeupe. Profesa amenipa kazi ya maabara tu, ameniambia nisiende kwa familia kwanza. Sikuuliza kama ni huruma.

Saa nne mapokezi wakaniita. Mama Achieng, na viatu vya kanisa. Alisema amekuja kumuona mume wake. Nilimweleza ni vipande vyembamba tu, na rangi. Akasema hivyo hivyo.

Profesa aliruhusu. Nilimshushia kiti, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Aliinama juu ya hadubini. Akauliza wale weusi waliojazana ni kina nani. Nikasema ndio walinzi.

"Walikuwa wanapigana na nani?"

Nilimwambia hatujui bado. Kwamba ndiyo maana tunaangalia.

Aliangalia tena. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, kwa Kijaluo, si kwangu.

Nilimsindikiza. Tulipita katikati ya Soko la Toi kwa sababu mjukuu wake anaanza shule na hana sweta. Mitumba mpaka kiunoni. Alichambua bila haraka, nikamshikia mkoba. Alitoa moja ya bluu, akainyoosha mbele yangu, akaniuliza kama ni nzito ya kutosha.

Niliishika. Nikasema inatosha.

Aliniangalia kidogo. Kisha akaichukua.