Steki Nilizochoma Doha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bahati ikigawanywa mimi hupanga laini mara mbili. Watu wangapi wa kwetu Olenguruone walitaka kwenda Qatar? Nikaenda mimi, Kipruto. Miaka mitatu Doha, hoteli ya vioo mpaka chooni, grili yangu mwenyewe, ndefu kama gari la mazishi! Matajiri wanauliza nani amechoma hii, naitwa, natokea na kofia nyeupe. Hapa Nakuru hata jina langu limepotea. Doha, leta mbavu. Doha, ongeza pilipili.

Leo miguu inauma. Nimesimama kwa jiko la bucha ya Gathogo, mwajiri wangu, tangu saa mbili asubuhi. Naandika nikingoja makaa yashike.

Joyline amepiga simu. Mjane wa ndugu yangu Kipkirui, mpishi wa shule ya bweni kule nyumbani, watoto wawili. Amepata ajenti hapa mjini anayepeleka wapishi Doha. Jumanne ya wiki ijayo anajaribiwa kupika steki. Anasema wenzake wanaogopa, yeye haogopi, ana mimi. Anakuja kesho nimfundishe.

Nikasema njoo, shemeji. Ningesema nini?

Jumanne, 4 Machi

Tulianza na ng'ombe mwenyewe. Gathogo alikuwa ametundika nusu nzima buchani, nikachukua kisu nikawa mwalimu. Fileti iko huku ndani, imejificha chini ya mgongo, haifanyi kazi yoyote, ndiyo maana ni laini – kama mtoto wa tajiri. Mtu anayeagiza fileti ni mtu amechoka kutafuna. T-bone ina fileti upande huu na saloini upande ule, mfupa katikati – mpe yule hajui anataka nini. Rampu ni ya matakoni, ya mwenye meno na subira. Lakini mfalme ni ribai, ile ya mbavuni, mafuta yamechora ndani kama barabara kwa ramani. Hiyo ndiyo yangu. Na ugali mgumu, mboga ya managu, chumvi pembeni. Basi. Wageni wakitaka viazi vya kuponda na mchuzi wa uyoga, wape. Usibishane na mtu mwenye njaa.

Joyline anaandika kila kitu kwa daftari la shule. Mwandiko mzuri kuliko wangu, alifika darasa la nane.

Gathogo akasema kutoka kwa mizani kwamba nyama bila mfupa ni kama harusi bila wapishi, yeye apewe mbavu na mukimo wa viazi na mahindi, hizo zingine tuwapelekee wagonjwa. Halafu akaniuliza kule Doha hiyo ribai nilikuwa naila na nini. Nikasema na saladi, na mchuzi wa rangi tatu.

Joyline akaandika hata hiyo. Rangi tatu.

Jumatano, 5 Machi

Leo mikono kazini. Nikamwambia osha nyama vizuri, chemsha nusu saa na chumvi na tangawizi, ndipo iende kwa grili. Ndivyo tunafanya hapa, ng'ombe wetu wamepanda milima mpaka wamekuwa mbao, na hakuna mteja amewahi kulalamika.

"Hata fileti, shemeji?"

"Hata fileti."

Nilijibu haraka sana.

Ikatoka laini, rangi kama ya maji ya kuoshea vyombo, grili ikaipaka rangi kidogo. Alikula nusu tu. Nusu akaifunga kwa karatasi ya foil, ya watoto. Akasema Kipkirui angekuwa hai angeringa na ndugu yake. Nikaenda nyuma kupasua kuni. Hapakuwa na haja ya kuni.

Ijumaa, 7 Machi

Simu ya Linah, mke wangu. Joyline amerudi nyumbani, ametangazia kanisa lote kwamba shemeji amemwivisha. Kisha Linah akauliza nimemfundisha nini hasa. Nikauliza ng'ombe. Akasema ng'ombe ako sawa, ni watu.

Nimechoka. Sio kazi.

Jumatatu, 10 Machi

Joyline amepeleka barua ya kuacha kazi! Kabla ya kujaribiwa! Anasema ajenti anataka watu walio tayari kuondoka mwisho wa mwezi. Miaka kumi na moja kwa lile jiko la shule. Mwalimu mkuu ni mtu mzuri, amemwambia barua italala mezani mpaka Ijumaa jioni, akibadilisha mawazo aje aichukue. Baada ya hapo anaandika mtu mwingine kazi. Kuna wanawake wanne wanangojea hiyo nafasi.

Nilitaka kumwambia ngoja. Nikamwambia hongera.

Jumanne, 11 Machi

Saa nane mchana Joyline akaingia hapa, akakaa juu ya kreti ya soda. Anatabasamu. Nikajua hakuna kitu kizuri.

Anayewajaribu anaitwa Wariara, mama wa makamo, mwenyewe amepika Doha miaka tisa. Aliwapa ribai nene kama vidole viwili. Joyline akaipeleka kwa mfereji akaiosha. Akateleka sufuria. Wariara akauliza sufuria ni ya nini. Ya kuchemshia, Joyline akajibu. Wale wapishi wengine sita wakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Wariara hakucheka. Aliwanyamazisha, akauliza:

"Nani alikufundisha hivi, dada?"

"Shemeji yangu. Alisimamia grili Doha miaka mitatu."

Wariara akauliza hoteli gani. Joyline hakujua, akasema ni ya vioo. Basi akaambiwa arudi Alhamisi na aje na mimi, nichome moja hapo mbele yao, yeye aangalie.

Joyline anadhani ni heshima. Anadhani kuna njia ya Wariara na kuna njia yangu, na naenda kumtetea. "Ni wewe utamwonyesha," akasema, akanishika mkono.

Gathogo alisikia yote. Ameniazima aproni mpya. Akasema nenda umalize huyo mama, Doha.

Jumatano, 12 Machi

Gathogo alipoenda kuchukua nyama nikakata ribai moja. Nikafuata video ya simu. Sikuosha. Sikuchemsha. Chumvi, moto mkali, geuza, acha ipumzike. Nje nyeusi, ndani nyekundu. Nikaogopa kama mtu anayekula kitu cha wizi.

Kumbe ni tamu hivi. Miaka hamsini na moja.

Alhamisi, 13 Machi

Niko kwa benchi ya ajenti. Saa nne asubuhi. Kijana mmoja amesimama kunipa nafasi, amesikia mimi ni nani. Joyline amepiga aproni pasi, ameiweka magotini kama mtoto mchanga.

Wariara alichungulia mlangoni mara moja. Aliangalia mikono yangu kabla ya uso.

"Karibu, mzee. Doha ulikuwa upande gani?"

Nikasema upande wa bahari.

"Bahari iko pande nyingi," akasema pole pole, akarudi kuwasha grili. Sio mtu mbaya. Naona ananipa muda. Hiyo ndiyo inaniua.

Kesho ni Ijumaa. Barua bado iko mezani. Joyline akiondoka sasa hivi anafika Olenguruone kabla shule haijafungwa jioni, anaichukua, Jumatatu anawasha jiko lake. Nikiingia pale ndani nikabahatisha steki kama jana, ataondoka kwenda Doha na maneno yangu mfukoni. Na kule hakuna mtu wa kumwambia pole, dada.

Ameniuliza naandika nini. Nikasema mapishi. Akasema niandike vizuri, atanakili.

Wariara ameita jina langu. Sio Doha – Kipruto. Joyline amenyoosha mkono nimpe hili daftari anishikie. Nimemwambia ngoja, mstari mmoja.

Doha nilikaa miezi minne, nikiosha sufuria. Steki sikuchoma hata moja.