M ya Mushimo na Mlango wa Kapata

Mjukuu wangu Ngalula,

Huku Mwene-Ditu tuko wazima. Shangazi yako amejifungua, na mtoto analia kama king'ora cha mgodini. Anayenichosha ni wewe.

Unauliza kwa nini sijamaliza mchezo uliotengeneza kwenye simu. Umeweka vitufe sita. Mara tisa nimefika, humo mchezoni, mbele ya nyumba yetu ya Kapata, ile tulimofukuzwa kama wageni nikiwa bado na nguvu, na mara tisa nimeruka juu badala ya kufungua mlango.

Ujanani huko Kapata, lifti ya mgodi tuliiongoza kwa kamba ya kengele. Ukivuta mara moja inasimama, mara mbili inapanda, mara tatu inashuka. Kisha wakatuletea kisanduku chenye vitufe vya Kifaransa: M ya kupanda, D ya kushuka. Zamu ilipokwisha, Tata Kabeya, mzee wa zamu yetu, akavitazama sana.

"Batoto, M ni mushimo. Sisi tunaenda nyumbani. Tufinye D."

Tukazidi kushuka chini na njaa yetu.

"Tata Kabeya, unatupeleka kwa Shetani?" tukamwuliza.

"Mi nilisoma muzuri," akajibu.

Na kweli, kwa lugha yetu alisoma vizuri. Lakini kamba hatukuwahi kuisoma, mkono uliijua.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba nijaribu polepole. Niachie kitufe kimoja. Nikikibonyeza nitembee, nikikiachia nisimame, na nikisimama mlangoni, ufunguke. Nimekaa nje miaka mingi, Ngalula. Sitaki kuruka. Nataka kuingia.

Kaku wako