Kwa Anaeli, Aliyesomea Yowe la Mwili

Mwanangu Anaeli,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na mimi nimekwama hapo hapo, kwa sababu hali yako naijua na yangu sina haraka ya kuisema. Basi nianze na hili: barua hii naiandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Baba yako mdogo Elisante aliniambia, "Kaka, tafuta mtu akuandikie, herufi zako zimelala kama migomba baada ya upepo." Nikamjibu kwamba kwenye darasa la watu wazima mimi ndiye niliyeshika kalamu vizuri kuliko wote, yeye alikuwa anasinzia, na mtu aliyemzaa daktari wa maabara hawezi kuandikiwa na watoto wa jirani. Akanyamaza. Siku hizi nikikutaja wewe kila mtu ananyamaza, kwa hiyo nashinda kila ubishi, na sifurahi.

Watu waliokuja kukuzika waliniuliza, huyu binti alikuwa daktari wa nini hasa, mbona hakuwa anachoma watu sindano? Nikawaeleza kama vile mimi ndiye niliyesoma. Nikasema alisomea kemokini. Neno hilo nalitamka vizuri. Mchungaji alijaribu mimbarini likamshinda, akasema "mambo ya kitaalamu." Nikawaambia: mwili ukiumia, pale palipoumia panapiga yowe, na hilo yowe ndilo kemokini. Askari wa damu wakilisikia wanakuja mbio kutoka kila upande, ndipo panapovimba na kuwa pa moto. Na nikawaambia yowe hilo hakulitoa Uswidi kwa wazungu. Alilitoa hapa hapa kwangu.

Unaikumbuka siku ya mbogo. Ulikuwa mdogo bado. Mbogo alishuka kutoka msituni akaingia kwenye migomba, nikapiga yowe. Mimi nilikuwa na sauti, Anaeli, hilo hakuna wa kulikataa. Nilisema nimesikika mpaka Oldonyo Sambu, na ulipokua ukawa unanicheka, "Baba, Oldonyo Sambu ni nyuma ya mlima!" Basi wakaja wanaume wa vijiji vyote na mapanga na mikuki, na mbogo alikuwa ameshakimbia zamani. Lakini wanaume hawakuondoka. Walikaa, wakanywa pombe ya ndizi ya mama yako, wakakanyaga maharage, wakavunja matawi ya kahawa wakionyeshana jinsi ambavyo wangemchoma huyo mbogo. Jioni ukanishika shati. "Baba, mbogo ameangusha migomba miwili. Watu wamemaliza shamba." Nikakufukuza ukalale. Kumbe ndiyo ulikuwa unaanza kazi.

Na kazi hiyo uliifanya ujana wako wote. Dar es Salaam, kisha Uswidi kwenye baridi, kisha ukarudi wakati wenzako wanabaki huko, watu wakasema umefukuzwa. Ukija nyumbani ulikuwa unakaa na mimi jikoni, miguu umeinyoosha kwenye moto, unaniambia, "Kansa, Baba, ni mwizi aliyejifunza kupiga yowe. Anawaita askari yeye mwenyewe. Wakifika anawapa pombe, wanaweka mapanga chini, wanamjengea nyumba." Nikauliza, sasa mnamfanyaje? Ukacheka, ukasema, "Tunatafuta namna ya kumziba mdomo." Na ukasema jingine ambalo wakati ule sikulishika: kwamba mara nyingi ubaya hautoki kwa wale waliokuja, ubaya ni kwamba hakuna aliyewaambia rudini nyumbani. Kidonda kikikaa miaka na makelele yake, mwizi anajificha ndani ya hayo makelele.

Halafu ukafa kwa malaria. Ilikupanda kichwani, ukaanza kuongea lugha ya Uswidi na mama yako, akawa anakujibu "ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu." Ulisoma kansa mpaka macho yakataka miwani, ukaondoka kwa mbu, kitu ninachokiua kwa kofi. Nikifika hapo akili inaisha. Naanza upya, inaisha pale pale.

Mwenzako Zuhura, yule wa Kaloleni uliyekuwa naye maabara, amekuja mara kadhaa tangu tukuzike. Siku moja alikuja macho yamevimba. Akasema umeme wa mgao ulikatika, jenereta ikagoma, na vile vipande vyote vya nyama ya wagonjwa ulivyovikusanya mkavigandisha kwenye friza vimeyeyuka. Vimeoza, Anaeli. Tukakaa tunatazama kuku.

Siku hiyo hiyo ndipo aliposikia harufu. "Baba, kinachonuka ni nini?" Nikasema mbuzi. Akasema, "Baba, mbuzi gani amefungwa bandeji?"

Kidonda changu unakijua, kile cha mguuni nilichochomwa na kisiki cha mkahawa. Nilikipaka majani, na maduka ya dawa yalipojaa kila kona mjini, nikawa nafungua vidonge vya rangi mbili namwagia unga wake. Wewe ulikata kipande ukakitazama kwenye darubini, ukasema bado ni salama ila tukitoe kabla hakijageuka kansa. Nikakubali, kwa sharti kwamba nikikatwa uwe umesimama pale. Tulikubaliana hivyo, mimi na wewe. Sasa Zuhura naye amekata kipande, na majibu yamekuja. Kimegeuka. Na kwenye kinena kuna mtoki mkubwa kama yai la kuku. Anasema mguu uondoke juu ya goti, upesi, na hata ukiondoka hajui kama mwizi hajahama nyumba.

Nikamwambia siwezi kwenda hospitali kabla matanga hayajaanuliwa. Na unajua hapa kwetu aliyefiwa ndiye anayesimama kuwaruhusu watu. Mimi sikusimama. Mchungaji alifunga sala, siku zikapita, sikusimama. Watu wakabaki, maana ni aibu kuondoka msibani bila ruhusa. Elisante akasema, "Kaka, waruhusu watu, wana ng'ombe, na ng'ombe hawajui msiba." Mama yako akasema, "Baba Anaeli, kuni zimekwisha, na mikono yangu imekwisha." Nikawajibu hakuna wa kunifundisha kumlilia mwanangu. Hata wale wanunuzi wapya wa kahawa, wa hii biashara huria, wanaokaa pale Kikatiti na mizani yao, walikuja kunipa pole huku wakiitazama miti yangu ya kahawa.

Juzi wajomba zako wawili wakapigana kwa ajili ya mkungu wa ndizi. Watu wazima, Anaeli, wanavutana kola msibani kwako. Nikatoka na fimbo niwatandike, nikaliona shamba. Migomba imekatwa ovyo, maharage yamelala, ua umevunjwa ukawa kuni. Hakuna mbogo aliyeingia. Nikakaa chini kwenye majani. Nikakusikia kabisa, kama uko jikoni: hakuna aliyewaambia rudini nyumbani.

Nikasimama niwaruhusu. Sauti haikutoka. Mimi! Nilifungua mdomo ikatoka pumzi kama ya mbuzi mgonjwa. Wa mbele wakageuka, wa nyuma wakaendelea na gumzo lao. Elisante akaja akasimama ubavuni kwangu, akayarudia maneno yangu kwa sauti yake, ile ndogo ninayoicheka siku zote. Wakaondoka kwa adabu, wakinishika mkono mmoja mmoja. Uwanja ulipobaki mtupu ndipo nilipojua kwamba umekufa.

Leo Zuhura amekuja. Kesho analeta gari. Nikamuuliza, mguu mkishaukata mnaupeleka wapi? Akasema taratibu, "Baba, huwa unachomwa moto." Nikamwambia mimi si takataka za zahanati, mtu wa ukoo wetu anazikwa kwake, hata akirudi vipande vipande. Akatazama chini. Akasema, "Basi tuachie nyama kidogo tu, Baba, tuianze upya kazi ya Anaeli. Friza haina kitu." Nikasema chukua, chukua kipande kikubwa, kidonda kama changu hutakipata Tanzania nzima. Akacheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Baba, hata kidonda unajisifia?" Nikasema kwa nini nisijisifie, nimekilea miaka yote hii.

Lakini alipoondoka niliukumbatia huu mguu, mwanangu. Mama yako aliniona akajifanya anapepeta maharage. Sijui kama hiyo nyama itawafundisha kitu. Sijui kama nitaamka. Sijui nikiamka nitatembeaje kwenye mteremko huu na matope yake. Mambo haya yote nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, na huyo mtu nilimshusha kaburini mimi mwenyewe kwa kamba. Nimekaa na kalamu tangu mchana kana kwamba utanijibu.

Basi lala, Anaeli. Wewe umefanya kazi, nani atakudai zaidi? Nakuahidi kesho nitapanda hilo gari. Sitajificha msituni kama Elisante anavyowatangazia watu, na wakinikata bila wewe kusimama pale nitanyamaza, nisikutie aibu mbele ya madaktari wenzako. Elisante nimeshamwagiza achimbe kishimo kwenye migomba, upande wa miguu yako, na huo mguu uliokatwa, wakishachukua nyama yao, aulete umefungwa vizuri ndani ya blanketi langu. Ukisikia jembe karibu yako usishtuke, mwanangu. Ni mimi, kidogo tu.

Baba yako