Wameondoka na Mlango

Jumapili, Kakuma. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mimi nina alama za meno ya mtu mkononi.

Meno ni ya Mama Sifa. Nimeosha kidonda kwa maji ya chumvi mara mbili na bado mkono umevimba kama andazi. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo ukiona makosa usinihukumu. Wa kunihukumu wapo wa kutosha hapa kambini.

Mama Sifa ni rafiki yangu. Au alikuwa. Tulitoka Uvira pamoja, tumeimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Miezi michache iliyopita jina la familia yake lilitoka: wanasafiri, wanakwenda kuanza maisha ng'ambo. Hapa kwetu mtu akipata ndege husimama kanisani kutoa ushuhuda, kisha hugawa vitu vyake, kwa sababu hakuna anayepanda ndege na kitanda. Mama Sifa alisimama, akalia, akasema amengoja tangu Sifa akiwa mgongoni na sasa Sifa amempita kimo. Akasema Mungu hachelewi. Tulipiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Kuku alimpa mjane mmoja, sufuria akawapa wanakwaya, na nyumba akanipa mimi.

Nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha matofali ya udongo. Lakini ina mlango wa chuma, ambao mumewe aliutengenezesha kwa fundi wa Lodwar ukaletwa juu ya lori. Kwa ndani una komeo.

Ambaye hajalala kwenye turubai hajui komeo ni nini. Mimi na binti zangu wawili tuliishi kando ya laga, ule mto mkavu, ndani ya hema. Mara mbili wanaume walilichana kwa kisu wakaingia. Mara ya pili nilimpiga mmoja kwa mchi mpaka nikasikia mfupa ukilia, na sijawahi kutubu. Kwa hiyo usiku wa kwanza nilipofunga lile komeo, nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Jumapili iliyofuata nami nilisimama kanisani. Nikasema wakati wa Mungu ndio wakati bora.

Kisha ndege ikafutwa.

Walikuwa wameshafika Nairobi. Wakaambiwa safari zimesimamishwa, tarehe hakuna, wakarudishwa kwa basi na masanduku yao yakiwa bado na vibandiko. Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Tangu hapo wamekuwa wakilala kanisani juu ya mabenchi, yeye, mumewe na watoto watatu.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Niliposikia wamerudi, sikuwalilia. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu awapatie ndege nyingine upesi, na sala ile haikuwa yao. Ilikuwa ya komeo langu. Niliwapelekea unga na maharagwe, nikakaa kidogo, nikaondoka kabla hawajaniuliza kuhusu nyumba. Hawakuniuliza. Nami sikusema.

Leo mchungaji amehubiri juu ya majira. Wakati wa kupanda, wakati wa kung'oa. Alikuwa na nia njema, maskini, lakini macho yake yalikuwa yanatoka kwa Mama Sifa yanakuja kwangu, yanarudi tena kwake. Akasema tungoje, Mungu ana kalenda yake. Katikati ya maombi Mama Sifa aliinuka akatoka. Nilijua anaelekea wapi. Nikamfuata mbio.

Nilimkuta ndani, anatupa vitu vyangu nje. Sufuria, godoro, sare za shule za wanangu, vyote kwenye vumbi. Sikumwita wala kumsihi. Niliokota mwiko wa ugali nikampiga nao kwenye paji la uso. Damu ikamshukia jichoni. Akanishika nywele, nikamshika koo, tukaanguka pamoja, na hapo ndipo aliponiuma mkono asiuachie. Nikawa nampiga ngumi za mgongo. Nilitaka aumie. Sitasema ni shetani. Nilikuwa mimi, akili zangu timamu, na kwa kitambo kidogo niliona raha.

Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mumewe alipofika hakutugusa. Alichukua nondo akaanza kung'oa mlango. Alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima yule, huku anapiga bawaba na udongo unamwagika, mpaka mlango ukatoka na kipande cha ukuta. Akajitwika kichwani akaenda nao kanisani.

Aliyetuachanisha ni mama wa Kiturkana anayeniuzia kuni. Alitua mzigo wake, akachomoa ukuni mmoja, akatucharaza sote wawili bila upendeleo, mgongoni na miguuni, mpaka tukaachana. Kisha akautia ukuni wake tena kwenye mzigo, akatusalimu kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Ejok," akasema. "Sasa kuni nanunua nani?"

Mama Sifa alikuwa ameegemea ukuta, jicho limefumba kwa uvimbe. Hakuniangalia. Alisema akiitazama ardhi.

"Mi nilisema mbele ya watu wote Mungu hachelewi. Sasa mu kanisa wananiangalia kama mwizi. Mi nitasema nini?"

Nilimpa kitenge afunge kichwa, akakikataa, akafunga chake, akaenda zake.

Mchana kutwa tumekaa kwenye nyumba isiyo na mlango. Upepo ulikuwa unaingia na kutoka kama wa kwao. Binti yangu mkubwa alisukuma meza hadi mlangoni, akaweka kiti juu ya meza, kisha akakaa kukitazama. Nikajua itanibidi niende.

Njia nzima nilikuwa nagombana na Mungu, kwa sauti, hata watu wa bombani wakageuka. Nilimwuliza huu ni wakati wa nani. Kwa nini ametoa furaha ya yule akanipa mimi, halafu anatuweka kama mbwa wawili na mfupa mmoja. Hakunijibu. Hajawahi kunijibu siku hiyohiyo.

Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma ya mimbari, watoto wanacheza chini yake. Mama Sifa hakuinua kichwa. Nikasema na mumewe, maana yeye nilimudu kumtazama.

"Baba Sifa, rudisha mlango. Na nyinyi mje nao."

Sikwenda kwa upendo, naomba ieleweke hivyo. Nilikwenda kwa sababu jua lilikuwa linashuka na mimi nina mabinti. Nadhani naye alikubali kwa sababu hiyohiyo. Sifa naye ni binti.

Baba Sifa ameupachika mlango kwa mawe, waya na udongo mbichi. Sasa tuko wanane kwenye chumba kimoja, katikati tumetundika shuka. Mama Sifa yuko upande wa pili, namsikia anavyopumua. Hajanisemesha. Mimi sijamwomba msamaha na yeye hajaniomba. Lakini komeo limefungwa, na sote tuko ndani.

Siku moja watasafiri. Sijui siku hiyo nitapiga vigelegele kwa ajili yao au kwa ajili ya nafasi nitakayoipata. Ningependa kuandika kwamba najua.

Ajabu ni kwamba bado naamini. Nimejaribu leo kuacha, kwa hasira zote nilizo nazo, nikashindwa. Bwana, wewe una majira yako, siyaelewi na leo nimeyachukia, ila sina mwingine wa kumngoja. Labda kesho nitakuamini kwa mikono iliyofunguka. Leo nakuamini nikiwa nimekunja ngumi.