Ugonjwa Umeondoka, Binti Bado Karantini

Wewe mama fundi cherehani, huna haya! Barua yako naitoa nzima kama ilivyo, wasomaji waone mtu mzima anavyofunga mlango kwa mkono wake kisha anauliza nani kafunga.

*Mpendwa Bibi mshauri, naomba msaada, nyumbani kwangu hakukaliki, binti yangu ana miaka kumi na tatu na kabla ya ule ugonjwa alikuwa mchangamfu, wateja wakija kuchukua nguo wanamuulizia yeye kwanza, halafu shule zikafungwa, na mimi nashona barakoa, watu wanaingia na kutoka, nikaogopa nisimwambukize, nikamwambia kaa chumbani, chakula nitakuwa nakuwekea mlangoni, akakaa, sasa shule zimefunguliwa, watu wako nje, lakini yeye akirudi tu anajifungia, ukimsemesha anafoka, mteja akimsalimia anabamiza mlango, na juzi shuleni mwenzake alimwegemea tu begani, akamsukuma mpaka akaanguka, mwalimu ameniita, nimechoka, kaka yangu anaishi mbali na amekubali kumchukua, labda mjomba atamnyoosha, Bibi, nimpeleke?*

Umpeleke! Hongera. Umemzoesha chumba kimoja, sasa unamtafutia kingine, tena cha mbali. Na huyo mjomba atamnyoosha kwa nini, kwa pasi?

Pole, mwanangu, na pole hiyo inatoka moyoni. Uliogopa, na ule wakati nani hakuogopa? Kumficha mtoto halikuwa kosa. Lakini nijibu: jana usiku alikula wapi? Umeandika "nitakuwa nakuwekea", hukuandika uliacha lini. Hujaacha! Unaweka sahani chini, unagonga, unakimbilia cherehani kabla hajafungua, utadhani unalisha simba. Halafu unashangaa anang'ata.

Umri ule ndio mtoto anagombana na mwenzake asubuhi, mchana wanacheka pamoja. Wa kwako alifanya mazoezi na nani, ukuta? Ukuta haumwegemei mtu. Kule kuegemewa kulimshtua, maskini, kama ambavyo wewe ungeshtuka ukiguswa na mtu gizani. Kusukuma ni vibaya, na ataomba radhi. Mwende nyote wawili kwa yule mtoto, na wewe kwa mama yake uinamishe kichwa kidogo, hakitavunjika.

Kuanzia leo anakula mezani. Akinuna, anunie hapo hapo mbele ya sahani yake. Wateja wakija, mpe tepu apime mabega na viuno vya watu, akikosea utafumua, si unajua kufumua? Na uache kumtumia ujumbe wa simu kutoka sebuleni. Usikatae, nyote mnafanya.

Sasa weka gazeti chini. Mpigie kaka yako, mwambie mtoto haji. Kisha ingia chumbani kwa binti yako, keti kitandani kwake. Akikufukuza, usitoke.